Chai ya Sufuria Moja

Asubuhi ile mke wangu alinigombeza kwa kosa lisilo langu.

"Umemwaga chai tena, Mzee Randa. Mikono yako imekwisha."

Nikatazama sakafu. Kulikuwa na alama za majimaji kutoka jikoni hadi mlangoni, za mguu mmoja tu, moja hapa, nyingine pale. Kikombe changu kilikuwa kimejaa. Nikamwambia sijamwaga kitu.

"Basi kamwaga nani? Paka?"

"Hatuna paka."

"Ndiyo maana nasema ni wewe."

Akatupa kitambaa chini, akakikanyaga, akafuta sakafu kwa kukiburuza kwa mguu. Ndivyo alivyofuta siku zote, tangu kiuno kilipokataa kuinama. Akifuta alama moja, anaacha nyingine nyuma yake. Wajukuu wakacheka. Naye akacheka, akadhani wananicheka mimi.

Sufuria ilikuwa mezani, juu ya kipande cha ubao nilichomchongea. Mjukuu mdogo, tunayemwita Kidomo kwa sababu hanyamazi, akasukuma kikombe chake mbele.

"Bibi, niongeze. Leo tamu mpaka meno yanacheka."

Bibi yake akamjazia hadi ukingoni. Mkubwa akasema watachelewa shule. Bibi akasema shule haina miguu, itawasubiri. Wakanywa, wakafuta midomo kwa mikono, wakashika mikoba, wakaenda. Mke wangu akakaa kwenye kigoda chake, akavua ndala ya mguu wa kulia, akaigeuza.

Haikuwa chai.

Mimi sikusoma. Herufi nilijifunza kwenye mbao, kwa sababu mbao huandikwa: urefu, unene, ya nani. Sijawahi kuandika habari ndefu. Hii naiandika kwa kuwa watu wanaokuja kunipa pole wananiambia, "Sukari hiyo, mzee. Ugonjwa wa sukari hauna msamaha." Wanasema kama vile ulikuja wenyewe, ukagonga mlango, ukamchukua. Haikuwa hivyo.

Aliitwa Mama Birika kabla hajawa mama wa mtu. Alikuja msichana kwenye kiwanda cha mbao nilikokuwa nikipiga randa, kabeba birika la bati kubwa kuliko kifua chake. Kazi yake ilikuwa chai. Ndani ya kiwanda misumeno ilikuwa ikilia kutwa nzima, mtu humsikii hata akikutukana. Tulizungumza kwa mikono. Ukiinua kidole gumba, unataka chai. Ukisugua vidole viwili, unataka utamu uongezwe. Yeye ukimsugulia vidole alikuwa anakugeuzia mgongo.

Sukari yake ilikuwa inaingia kwenye sufuria. Haikuingia kwenye kikombe. Hilo lilikuwa sharti lake. Mwanzo ilikuwa kwa sababu ya vumbi, maana bakuli la sukari likiwekwa wazi kiwandani, baada ya muda unachota unga wa mbao. Baadaye ikawa imani yake.

"Sukari lazima ichemke na majani, zifahamiane," alisema. "Ukiikoroga kikombeni, hayo ni maji ya moto yamesingiziwa chai."

Alikuwa na kikopo cha kupimia, kimekatika mpini. Alikichota mpaka kikawa na kilima juu, hakusawazisha. Msimamizi na mfagiaji walikunywa chai ile ile, utamu ule ule. Siku moja msimamizi alitaka yake ipikwe peke yake, na maziwa mengi. Akamjibu, "Mzee, mimi nina sufuria moja. Ukitaka ya peke yako, oa." Watu walicheka mpaka mashine ikazimwa.

Mimi na yeye tulianza vibaya. Nilisema chai yake siku ile ilikuwa nyepesi. Nilisema kwa sauti, nikidhani msumeno unanifunika, na msumeno ukanyamaza hapo hapo. Akachukua kikombe changu, akakimimina kwenye maranda chini ya meza yangu.

"Chemsha maranda yako unywe," akasema. "Hayo ni mazito."

Kesho yake alinihudumia wa kwanza. Nikajua. Yaliyofuata ni ya watu wote: tulioana, tukapata mtoto mmoja wa kiume, wengine hawakukaa. Mwana akakua, akawa dereva wa lori, anaondoka hapa anarudi barabara ikipenda. Akaoa msusi, mchapakazi, mwenye maneno yake. Wakachukua vyumba vya ng'ambo ya ua wetu. Wakazaa mabinti wawili.

Kiwanda kilipofungwa, Mama Birika alirudi na kikopo chake kilichokatika mpini. Kitu kingine hakuleta. Toka hapo chai ya watu wote wa uani ikawa yake. Asubuhi mlango wake ulikuwa wazi kabla jua halijafika ukutani. Wajukuu walivuka ua na viatu havijafungwa. Mkwe alivuka na mkate. Mwana akiwa safarini, kikombe chake kilikuwa kinafunikwa mezani, hakipewi mgeni. Mtu aliyetaka kujua nani kagombana na nani katika nyumba ile, alihitaji kutazama tu nani hajavuka.

Kisha akaanza kunywa maji kama anazima moto. Akashindwa kutunga sindano. Nikamwambia ni uzee, akaniambia uzee ni wangu, yeye ana kiu tu. Alipokwenda kliniki muuguzi alimtoboa kidole, akatazama kipimo chake, akatikisa kichwa.

"Mama, sukari imepanda sana. Utakunywa dawa hizi kila siku. Na chai, bila sukari."

"Bila sukari kabisa?"

"Kabisa."

"Hiyo siyo chai, mwanangu. Hiyo ni adhabu."

Dawa alimeza. Na adhabu aliijaribu, nisimsingizie marehemu. Chai ikichemka, kabla hajatia sukari, alichota kikombe chake akakiweka pembeni. Halafu akatia sukari ya watu. Alikunywa amesimama karibu na jiko, ametupa mgongo. Hakuja mezani. Nilimwita akasema anaangalia moto usizime.

Kidomo ndiye aliyesema tulilokuwa tunaliona wote.

"Bibi, mbona unakunywa chai ya peke yako? Umegombana na nani?"

Bibi yake kile kikombe hakukimaliza.

Mwana wetu alipopita nyumbani akamletea kikopo kidogo cha plastiki, kinene kama kiberiti. Ukibonyeza chini, kinasema tik, kinadondosha kidonge kidogo kuliko kichwa cha msumari.

"Mama, hivi ni vya utamu. Havina sukari. Muuza dawa amesema watu wenye sukari wanatumia."

Akakitia kimoja kwenye kikombe chake cha adhabu, akakoroga, akaonja. Akakaa. Alikuwa hajakaa mezani siku nyingi.

"Hiki?" akasema. "Kikondefu hiki? Kina utamu kuliko kijiko?"

"Ndiyo, mama."

"Basi miaka yote nimebeba magunia bure."

Akakibatiza jina, Tik. "Randa, nipe Tik wangu." Siku zile alikuwa na furaha. Wakati mwingine alibonyeza hewani tu, asikie sauti. Alikaa nasi mezani, kikombe chake kwa kikombe chetu, na hata kipimo cha kliniki kilishuka. Muuguzi alimpigia makofi. Kama mambo yangeachwa hapo, nisingekuwa na habari ya kuandika.

Lakini yeye alikuwa mpishi wa chai. Kwake chai ilikuwa sufuria, kikombe ni cha kunywea tu. Jambo la kutia utamu kikombeni, mwishoni, kwa siri, lilimkera. Aliona anakunywa maji yaliyosingiziwa huku sisi tunakunywa chai. Asubuhi moja akaamua wote tunywe moja tena. Hakutia sukari. Akashika Tik juu ya sufuria inayochemka, akabonyeza.

Akaacha vichemke na majani, vifahamiane. Akaonja. Utamu haupo. Akabonyeza tena, akachochea, akaonja. Umekimbia. Mambo ya sukari hayako hivyo, sukari ukiichemsha inakaa. Hivi vilikuwa vinachemka vinapotea. Naye kukubali chai nyepesi hakujua. Akasimama pale anabonyeza, tik, tik, tik, tik, mvuke umemfunika uso.

Hapo mkwe akaingia na mkate.

"Mama, unatia nini?"

"Utamu."

"Utamu gani wa kubonyeza?"

"Ule alioleta mumeo."

"Si dawa yako ile?"

"Si dawa. Ni utamu."

Mkwe akatazama sufuria. Akatazama wanawe, vikombe mkononi, Kidomo alikuwa amekwisha kunywa cha kwanza na kukunja uso, kasema kinaacha ladha ya msumari mdomoni. Akaomba akione kikopo. Akakitia mfukoni, akaenda nacho saluni.

Pale saluni ndipo mambo yanapopikwa. Mtu amekaa anasukwa, hana la kufanya ila kusema. Kikopo kikapita mikononi. Mmoja alikuwa na habari kwenye simu, mwingine alikuwa na sauti iliyotumwa na mtu aliyetumiwa na mtu. Mchana Kidomo akarudi kutoka shule ameshika tumbo, amejikunja kama kamba. Baadaye mwenzake alikuja kusema walivamia mpera wa jirani wakala mapera mabichi. Lakini baadaye ni baadaye. Mkwe alivuka ua na hasira zake.

"Mama, mimi nakuheshimu. Lakini wanangu umewapa sumu."

"Sumu? Mimi mwenyewe nainywa."

"Wewe ni mgonjwa, mama. Mgonjwa hunywa hata mizizi. Wao si wagonjwa. Hivi vitu vinaleta saratani. Vinazubaisha watoto. Mteja wangu ana shemeji yake alitumia hivi hivi."

"Akafanyaje huyo shemeji?" niliuliza.

"Sikumwuliza akafanyaje. Nilimwona mteja anavyotikisa kichwa."

"Basi daktari wetu ni kichwa cha mteja."

"Baba, usinifanyie mzaha. Kikitokea kitu, utanizalia wengine wewe?"

Mama Birika alikuwa amesimama katikati yetu na mwiko mkononi. Akasema polepole:

"Mwanangu, nilitaka tunywe wote moja. Basi."

"Kunywa yako, mama. Mimi sikukatazi. Wao watakunywa kwangu."

Akamrudishia kikopo. Alikiweka mezani kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha msiba.

Sisemi mkwe ni mbaya. Mama anayeogopa kwa ajili ya mwanawe hana ubaya. Ila niseme hivi: katika nyumba ile hakuna aliyekwenda kuuliza kliniki. Ilikuwa mwendo wa kufika sokoni. Saluni ilikuwa karibu zaidi.

Asubuhi zilizofuata mke wangu alipika sufuria ile ile, kubwa, ya watu wote. Hakupunguza maji. Nilimwambia, "Tuko wawili." Akasema mkono wake haujui kupika ya wawili. Mlango ukawa wazi. Wajukuu wakapita nje na mikoba, wamekwisha kunywa kwa mama yao. Mkubwa alisema shikamoo akiwa anatembea. Kidomo alipunguza mwendo, akachungulia, na nyuma yake sauti ikasema, "Twende." Chai iliyobaki ilimwagwa kwenye mtaro. Alikuwa anaimwaga mwenyewe, hakunipa mimi.

Kikombe cha mwana kikafunikwa. Vya wajukuu vikafunikwa. Meza ikawa kama ya watu waliosafiri.

Siku moja nikaamka nikasikia sauti niliyokuwa nimeisahau, kikopo kilichokatika mpini kinachota kwenye debe la sukari. Nikatoka. Tik alikuwa kwenye majivu, plastiki imejikunja. Mke wangu alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, anaita kama anauza.

"Njooni! Njooni! Nimerudi kwenye sukari. Sukari tupu, hakuna cha kubonyeza!"

Wakavuka ua mbio. Kidomo alidondosha kiatu njiani. Mkwe naye akaja na mkate, uso umekunjuka, akakaa alipokaa siku zote, akavuta kikombe. Alinywa, akashusha pumzi.

"Ndiyo hii sasa, mama. Vitu tulivyolelewa navyo. Sukari haijaua mtu."

Kwenye meza ile alikuwepo mmoja tu aliyeambiwa sukari itamwua. Ndiye aliyekuwa ameshika mwiko. Akamwambia mkwe, "Leta kikombe nikuongeze."

Walipoondoka nilimwambia.

"Mama Birika, wewe chota chako kwanza. Kabla ya sukari. Kama zamani."

"Nikichota nikakae wapi? Jikoni na moshi?"

"Kaa mezani, nani kakukataza?"

"Na yule mtoto akiniuliza nimegombana na nani?"

"Mwambie unaumwa."

"Mimi siumwi. Hapa naumwa?" Akajipiga kifua. "Wewe ulishaona nikipika chai mbili?"

Nikasema miguu yake inavimba. Akasema ya kwangu imepinda na hajanisimanga. Mtu akikujibu hivyo, na unajua asubuhi ile amecheka kwa mara ya kwanza tangu watoto waondoke, utamnyang'anya kikombe? Kliniki alisema ameacha sukari. Kipimo kilisema vingine. Muuguzi alimgombeza, naye akaja kumwigiza nyumbani, kidole juu, "Mama, mama!", watoto wakavunjika mbavu.

Hivyo ndivyo tulivyofika asubuhi ile ya alama za sakafuni.

Mkanda wa ndala yake ulikuwa umekatika, akauunga mwenyewe kwa waya. Ncha ya waya ilipenya soli ikatokeza juu. Alikuwa anaikanyaga. Sijui tangu lini. Chini ya wayo palikuwa na shimo la kuingia ncha ya kidole, na pembeni yake nyama ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Alishika ile ndala, akaitazama kama ya mtu mwingine.

"Haikuuma," akaniambia. "Randa, haikuuma hata kidogo."

Mimi nimefanya kazi na misumeno. Nimeona vidole vikianguka kwenye maranda. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kidonda kisichouma.

Hospitali walikata vidole. Haikutosha, wakakata chini ya goti. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbao pale nje, ubao wake haukupigwa randa vizuri, nilikuwa napitisha kiganja juu yake muda wote walipokuwa wakikata. Mwana alikuja na lori likiwa bado na mzigo wa wateja. Mkwe alikuja na kichwa kimefungwa kitambaa, hakuuliza mtu kitu.

Siku ya pili baada ya hapo alipita mama mmoja wa lishe, anakwenda kitanda kwa kitanda anauliza watu wanakula nini. Alipofika kwetu mkwe ndiye aliyemwuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Vile vidonge vya utamu, vya kubonyeza. Ni kweli vinadhuru?"

Yule mama akaweka kalamu chini.

"Vimepimwa, na bado vinapimwa. Kwa kiasi cha kawaida, vikombe vyake vya kutwa, mtu mzima mwenye kisukari anatumia bila wasiwasi. Kuna watu wachache wamezaliwa na ugonjwa unaowakataza aina mojawapo, ndiyo maana huandikwa kwenye kopo. Watoto hawana haja navyo."

"Lakini mwanangu alikunywa. Tumbo likamkata."

"Alikunywa vingapi?"

"Kikombe."

"Tafuta kingine alichokula."

Mkwe akainamisha kichwa. Alikuwa anaijua habari ya mapera.

"Na saratani? Watu wanasema."

"Watu wanasema, na wataalamu nao wameuliza. Hawajamaliza kuuliza. Mpaka sasa kwa kiasi kile cha kikombeni hawajaona sababu ya kukataza." Akatazama blanketi, pale lilipolala bapa. "Sukari yake sisi tumeiona."

Mke wangu alikuwa macho. Akasema kutoka kwenye mto, "Vinakimbia ukivichemsha."

"Eh, mama, vingine ndivyo vilivyo. Hivyo havichemshwi. Unatia kikombeni, mwishoni."

"Kikombeni," akasema mke wangu, kama mtu aliyetajiwa jina la adui yake.

Yule mama alikusanya vitu vyake. Kabla hajaondoka aligeuka, akauliza kitu kimoja. Hakuuliza kwa ubaya. Bora angeuliza kwa ubaya.

"Kwa nini hamkupunguza tu sukari ya sufuria? Wote, kidogo kidogo. Ulimi unazoea. Hata watoto ingewafaa."

Mwana alimtazama mkwe, mkwe alinitazama mimi. Tulikuwa tumebishana sumu ni ipi, ya debe au ya kikopo, mpaka watu wakaacha kuvukiana ua. Kwamba sufuria ile ile moja inaweza kuwa na utamu nusu, na wote tukakaa, hilo halikupita katika kichwa cha mtu. Kwetu chai nyepesi ilikuwa tusi. Mimi ndiye niliyemwagiwa kikombe kwa ajili yake, na nikaona nimeonyeshwa upendo.

Kidonda hakikufunga. Homa ikaja, ikakaa, ikawa yeye na homa. Wajukuu hawakuruhusiwa kuingia wodini. Walisimama chini kwenye uwanja, nami nikawa nawaonyesha dirisha, wakapunga mkono dirisha lisilo lake. Sikuwasahihisha.

Tulimzika. Sasa ua una chupa mbili za chai. Mkwe ndiye anayepika. Ya kifuniko chekundu ina sukari, ni ya watoto na baba yao. Ya kifuniko cheupe haina kitu, ni yangu, maana na mimi wamenitoboa kidole. Pembeni ananiwekea kikopo cha kubonyeza, kipya. Ananiita "Baba" kwa sauti ya chini, hajawahi tena kunipandishia sauti, na ningependa anipandishie. Watoto wanakunywa kwao wamesimama, wanawahi shule. Mimi nakunywa kwangu. Kile kikopo kilichokatika mpini kimo ndani ya debe la sukari, na kinafanya kazi kama kawaida. Lile neno kwamba sukari haijaua mtu halisemwi tena. Kuchotwa kunachotwa.

Nimalizie na wodini, kwa sababu huko ndiko alikosema neno lake la mwisho lenye akili. Mengine yalikuwa ya homa, aliita watu wa kiwandani, akawaambia wazime msumeno.

Siku ile homa ilikuwa imempa nafasi. Mkwe alifika na chupa ya chai. Alikuwa ameipika bila sukari, na kikopo kipya amekinunua mwenyewe. Akamimina kikombe, akakishika juu yake, akabonyeza. Tik. Akakoroga muda mrefu kuliko inavyohitajika. Akamwinua mama mkwe wake kichwa kwa kiganja, kama anavyoinua kichwa cha mteja.

"Kunywa, mama. Nimefanya kama walivyosema. Kikombeni, mwishoni. Haina madhara."

Mke wangu akanywa funda moja. Akalikalisha mdomoni kama alivyokuwa akionja sufuria. Akameza. Mkwe alikuwa anamtazama usoni kama mtu anayesubiri hukumu, machozi yameshafika kidevuni.

Mke wangu akatazama mlango wa wodi, ule ambao watoto hawakuruhusiwa kuupita. Akausukuma mkono wa mkwe, taratibu, kikombe kikarudi mezani. Akasema:

"Tamu. Na watoto wanakunywa ipi?"